Kaye ya Saba ya Faida

Wadogo zangu mliobaki kwenye maktaba yetu ya Rugenge, hapa Uvira, siku mliponiaga mlinitaka niseme machache juu ya kazi, na mimi nikaishia kushukuru kwa soda. Sasa nimekaa barazani, asubuhi, ziwa limetulia, nina kalamu na hakuna anayenisubiri mlangoni. Nitaandika yale niliyopaswa kuyasema. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa viwili tu na cha pili kilikuja nikiwa nimeshachoka. Mshahara mnaujua wenyewe. Nitawaeleza juu ya vitabu vya chini kabisa katika rafu yetu, watu waliovipenda, na jambo nililolifanya ambalo wengine wenu mmelisikia nusunusu sokoni. Heri mlisikie lote kwangu.

Siku yangu ya kwanza nilivaa kitenge kipya na viatu vya kubana. Niliyemkuta ni Papa Anzuruni, mtunza maktaba wa kwanza, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Hakunikaribisha. Alinipa sindano kubwa ya kushonea magunia na kitabu kilichobanduka mgongo.

"Shona."

"Papa, minye nilikuja kazi ya vitabu, si ya kushona."

"Kitabu kisichoshonwa ni karatasi ya kufungia samaki ndagala," akasema, akaendelea na fishi zake, kadi za wasomaji.

Nikashona hadi saa sita, vidole vikatoka damu. Mengi niliyojua baadaye yalianzia kwenye kile kitabu. Uzi wetu ulikuwa uzi wa nyavu, ule mwembamba wa wavuvi, kwa sababu hauozi. Gundi tuliipika wenyewe: unga wa muhogo, maji, na majani ya mwarobaini yaliyopondwa ili mende wasifanye karamu. Ikiwa nyepesi haishiki, ikiwa nzito kitabu kinakakamaa kama ngozi ya mbuzi. Papa Anzuruni aliipima kwa kuidondosha kutoka kijikoni: ukihesabu mpaka tatu kabla tone halijaanguka, iko tayari. Mimi bado naipima hivyo. Ninyi mnanunua gundi ya chupa, na vitabu vyenu vinaachia baada ya mvua mbili. Nasema tu.

Siku ileile aliniuliza ni vitabu gani nadhani vinabanduka zaidi. Nikataja kamusi, nikataja vitabu vya shule. Akainama mpaka rafu ya chini, akatoa kimoja baada ya kingine, vyote vimeshonwa mara mbili, mara tatu. Vilikuwa riwaya za mapenzi zenye hofu ndani yake. Nyingine zilikuwa za Kifaransa, zimepitia Bujumbura, nyingine za Kiswahili, zimevuka na meli kutoka Kigoma. Zote zilifanana kwa jambo moja. Kuna mwanamke, kuna mwanamume anayempenda, na kuna mtu anayetaka kumwua mmoja wao. Na mpaka kurasa za mwisho huyo mwanamke hajui kama yule anayempenda na yule anayemwinda ni watu wawili au ni mtu mmoja.

"Hizi ndizo zinalisha hii nyumba," akasema Papa Anzuruni. "Wakubwa wakija kukagua, zifunike na kamusi."

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilitoka kwenye rafu hiyo. Wasomaji walianza kurudisha riwaya kwa hasira. Ukifika ukurasa wa kumi unakuta pembeni, kwa kalamu ya biki nyekundu: *Muuaji ni shemeji.* Kitabu kingine: *Muuaji ni daktari, usisumbuke.* Vitabu vinane viliharibiwa hivyo. Nikachukua fishi, nikatazama nani amevishika vyote. Alikuwa mke wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama mpole asiyeweza kuua hata nzi. Lakini mwandiko ulikuwa wa mtu anayesahihisha madaftari. Nikamwita mumewe.

Hakukana. Alikaa kwenye benchi, kofia magotini.

"Anasoma huku anacheka peke yake," akasema. "Anashtuka, anashika kifua. Minye iko pale, mbele yake, haniangalie. Nikasema, basi nimuharibie ile utamu."

Niliona aibu kwa niaba yake, mtu mzima kuwaonea wivu watu wa karatasi. Nilimcheka hata nyumbani. Papa Anzuruni hakumcheka. Alimpa riwaya moja, akamwambia, "Usome uone kitu anaona." Mwalimu alirudi baada ya siku tatu, macho mekundu, akauliza kama kuna nyingine ya mwandishi yuleyule. Tangu hapo wakawa wanagombania wao kwa wao nani asome kwanza.

Nimesema nilimcheka. Likumbukeni hilo mnaposoma yanayofuata.

Papa Anzuruni alipoondoka duniani, funguo zikabaki kwangu. Miaka hiyo ndiyo nilimfahamu Mama Sifa. Alikuwa mkulima wa mihogo na mpunga kule Runingu, mwembamba, mwenye sauti nzito, aliyekuja Uvira siku ya soko na kupitia kwetu kabla ya kurudi. Alisoma haraka kuliko mtu yeyote niliyemhudumia. Siku moja nilimuuliza, maana kweli sikuelewa: "Mama Sifa, huku kwetu hofu haikosi. Unatembea na miguu mpaka hapa kutafuta nyingine ya nini?"

Alifunga kitabu, kidole kikiwa ndani.

"Mama Neema, ile hofu ya kwetu haina ukurasa wa mwisho. Unasikia risasi kule Mutarule, unakimbia, unarudi, unasikia tena. Haujue iko katikati ao mwisho. Humu," akagonga jalada, "naogopa, lakini naona kurasa zinapungua. Najua itaisha. Na kisha ile dada anajua nani wa kumuamini. Minye nimezaa watoto sita, bado sijue nani wa kumuamini."

Nimehudhuria semina nyingi juu ya usomaji. Hakuna aliyenieleza vizuri zaidi.

Maneno yake yaliniingia kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa naandika. Hakuna aliyejua. Nilikuwa na daftari nyumbani, ndani ya sanduku la vitenge, na ndani yake riwaya niliyoianza zaidi ya mara kumi. Ilikuwa na mwanzo mzuri. Mianzo mizuri nilikuwa nayo mingi. Niliwaza kwamba nikistaafu nitaimaliza, na watu wa Uvira watashangaa kwamba mama wa kugonga stempu alikuwa na hayo yote kichwani.

Ndipo akaja Faida.

Aliletwa kunisaidia, msichana wa miaka ishirini na mitano hivi, mzaliwa wa hapa hapa kando ya ziwa, baba yake mvuvi. Nilimpa sindano ya magunia kama nilivyopewa. Akashona bila kuuliza, na akashona vizuri kuliko mimi. Hilo nililivumilia. Kisha nikaona wasomaji wanapita meza yangu wanakwenda yake. Akiwasimulia kitabu, aliwaachia mahali pabaya, mlango unafunguliwa, taa inazimika, halafu anasema, "Basi, beba usome." Mimi miaka yote nilikuwa nikiwaambia tu, "Ni kizuri."

Mwaka wa pili alileta kaye, lile daftari la shule la kurasa mia, imeandikwa kwa mkono mpaka ukurasa wa mwisho.

"Yaya, niliandika kitu," akaniambia, akiniita dada mkubwa. "Naweza kuiweka kwa rafu?"

Sikuisoma. Nikasema weka, nikiamini itakaa pale na vumbi. Baada ya juma moja jalada lilikuwa limelegea. Akaleta kaye ya pili, ya tatu. Tukalazimika kufungua karatasi ya foleni, jambo ambalo Papa Anzuruni hakuwahi kulifanya kwa kitabu chochote. Wauguzi walikuja na makoti yao meupe. Mwalimu wa biki nyekundu alikuja na mkewe, kila mmoja akaandika jina lake kivyake. Wauza samaki walikuwa wakisimuliana kwenye mchanga huku wanapara. Hadithi ilimhusu Estha, karani kwenye mzani wa malori mpakani, aliyechumbiwa na fundi wa mashine za mitumbwi aitwaye Donati. Barua zisizo na jina zinaanza kumfikia Estha: huyo Donati alimzamisha mke wake wa kwanza ziwani kwa mkono wake. Estha anampenda. Estha anaanza kuficha visu vya jikoni.

Nilijizuia mpaka kaye ya nne. Nikasoma zote nne mchana mmoja, mlango nimeufunga, nikadanganya kuwa nahesabu vitabu. Mzani ule niliujua, nimepita pale mara ngapi. Ile njia ya mchanga, ule moshi wa ndagala, wanawake wale wanaosema jambo moja na kumaanisha jingine, vyote vilikuwa vyangu. Nilikuwa navyo miaka yote, na aliyeviandika ni yeye.

Wivu, wadogo zangu, hauji kama wanavyouandika kwenye riwaya. Haukuwa moto. Ulikuwa kama jiwe dogo kwenye kiatu: unatembea, unafanya kazi, unasalimia watu, na kila hatua unalisikia. Faida akicheka nililisikia. Msomaji akisema "Faida iko wapi?" nililisikia. Nikaanza kumsahihisha mbele za watu, stempu imepinda, fishi hazikupangwa. Yeye alijibu "Ndiyo, Yaya," na kupanga upya, na hilo liliniumiza kuliko kama angenijibu vibaya.

Kaye ya saba ilikuwa ya mwisho. Aliiweka mezani asubuhi ya Jumatatu, akaenda posta kuuliza kifurushi. Mama Sifa alirudisha kaye ya sita, akatoka, nikabaki peke yangu. Sikupanga. Ningependa kuwaambia kwamba nilihangaika kidogo, lakini mkono uliichukua kama unavyochukua kitu chako, ukaitia kwenye mfuko chini ya mboga za lengalenga, na nikaendelea kugonga stempu.

Nilisema nitaisoma na kuirudisha kesho. Niliisoma nyumbani mchana huohuo, nimesimama, sikukaa hata kitini. Nikaisoma tena. Mwisho wake sitauandika bado. Niseme tu kwamba ulikuwa mwisho ambao mimi nisingeufikiria hata ningepewa miaka mingine thelathini, na nilipoumaliza nilikwenda kwenye sanduku la vitenge nikaangalia daftari langu, nikalifunga. Kesho yake sikuirudisha kaye. Wala kesho kutwa.

Alhamisi mvua ilinyesha milimani tangu alfajiri, na saa nane mto ukashuka na matope na mawe. Nyumba yangu iko chini, kando ya mto. Tuliokoa godoro, sufuria, Biblia, redio. Maji yalipopungua nilikuta mfuko wangu chini ya kitanda, na ndani yake kaye, kurasa zimeshikana kama ugali, wino wote umekuwa maji ya buluu. Nilijaribu kila nilichofundishwa. Nilizitenganisha kwa kisu butu, nikazianika kwa vibanio. Hakuna herufi hata moja iliyobaki. Maisha yangu yote nilikuwa mtu wa kuokoa vitabu.

Faida alikuwa amegeuza maktaba yote juu chini. Nilimsaidia kutafuta. Ndiyo, nilipanda hata ngazi.

"Andika tena," nikamwambia, bila kumtazama.

"Siwezi, Yaya. Ilitoka mara moja. Nikiandika tena nitakuwa nadanganya." Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Ni Mama Sifa. Weye haukumuona? Ndiye alirudisha kaye ya sita ile Jumatatu. Aliingia, alitoka. Ameniomba mwisho mara tano, akasema hawezi kungojea foleni."

Ningeweza kusema hapohapo. Mdomo ulifunguka. Nikasema, "Sijui."

Siku ya soko Mama Sifa alikuja. Alikuwa amekonda zaidi. Wasomaji walikuwa wengi, mwalimu na mkewe, wauguzi wawili, wauza samaki. Faida alisimama mbele yake.

"Mama, rudisha kaye yangu."

"Kaye gani, mwanangu?"

"Ya saba. Minye sikasirike. Rudisha tu."

Mama Sifa alituangalia mmoja mmoja. Akaweka chini kikapu chake. "Minye sikubebe kitu ya muntu. Nilikuja kuaga. Kesho kutwa wananipasua tumbo hapa hospitali. Nilikuja kuuliza kama iko, hata kama si zamu yangu, wanisomee ile mwisho. Sikutaka kuingia kule bila kujua kama Donati ni muntu mubaya." Akaokota kikapu. "Lakini kama niko mwizi, basi."

Akaanza kwenda mlangoni. Nilimwona mgongo, ule mgongo wa mtu anayetembea kutoka Runingu kwa ajili ya kitabu, na nikajua kwamba akivuka kile kizingiti nitaonekana mtu mzuri maisha yangu yote na sitaweza kujitazama.

"Mama Sifa, ngoja," nikasema. "Ni mimi."

Faida aligeuka.

"Niliichukua. Ilikuwa kwangu, mto ukaingia, imeharibika. Niliichukua kwa wivu."

Nilitaka mtu apige kelele. Hakuna aliyepiga. Mke wa mwalimu alishika mdomo. Faida alikaa kwenye benchi polepole, kama mtu anayeambiwa habari za msiba.

Mama Sifa ndiye aliyesema. "Uliisoma?"

"Mara mbili."

"Basi tuambie."

Ndivyo ikawa nikasimama katikati ya maktaba nikasimulia kaye ya saba. Nilipofika barua ya mwisho, ile inayomwambia Estha kwamba jioni hiyo Donati atakuja kumwua, walikuwa wamesogea wote. Niliwaeleza jinsi Estha alivyogundua karatasi ya barua ni ileile ya mkuu wake wa mzani, lakini hana uhakika. Niliwaeleza hodi ilivyopigwa. Na hapo, wadogo zangu, nilifanya uovu wa pili. Nilikuwa na mwisho wangu mwenyewe. Nilitaka usikike angalau mara moja mbele za watu.

"Basi Estha akajiuliza moyo wake unasema nini," nikasimulia. "Akakumbuka mapenzi yao. Akafungua mlango."

"Hapana."

Faida alikuwa amesimama.

"Hakufungua. Unajua vizuri hakufungua." Aliniangalia, na sijawahi kuangaliwa hivyo tena. Kisha akawageukia wao. "Estha hana wazimu. Anapenda, lakini hana wazimu. Alivua viatu, akatoka kwa mlango wa jikoni, akazunguka nyumba pole pole, ili amuone Donati kabla yeye hajamuona. Na alimuona. Donati alikuwa amesimama mbele ya ule mlango umefungwa, na mikono yote mbili iko juu, wazi, vidole vimetawanyika. Hakuna muntu wa kumuangalia. Alisimama tu vile, muda murefu, mikono juu. Kwa sababu alijua ndani kuna muntu anaogopa."

Muuguzi mmoja alilia waziwazi. Mwalimu alivua miwani.

"Aa," akasema Mama Sifa. "Aa, mwanangu." Akaketi, akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Faida akapiga magoti mbele yake kumwomba msamaha kwa ile tuhuma, na Mama Sifa akamshika kichwa akamwambia ainuke, atachafua nguo.

Alipasuliwa, akapona, akarudi Runingu na kovu ambalo aliwaonyesha wote hata wasiotaka.

Faida hakunisamehe siku ile, wala mwezi ule. Niliandika barua ya kuacha kazi, nikampa aipeleke biro, ofisini kwa wakubwa. Aliirudisha mezani kwangu imekunjwa. "Nani atapika gundi?" akasema. Miezi mingi tuliongea mambo ya stempu na fishi tu. Salamu yake ilikuwa ya heshima, na ilikuwa baridi. Kaye ya saba hakuiandika tena kamwe. Wasomaji waliokuwepo walisimulia wengine, na nimesikia kwa masikio yangu, kwenye mchanga wa samaki, mwanamke akionyesha mikono ya Donati kwa vidole vyenye magamba.

Kisha asubuhi moja akaweka mbele yangu kaye mpya.

"Soma. Mahali pabaya, piga mstari kwa krayo," akasema, akinipa penseli.

"Mimi?"

"Weye. Wengine wananisifia. Weye uliiba." Alikuwa hacheki. "Muntu haibi kitu kibaya. Ukisema ukurasa ni mubaya, nitaamini."

Tangu hapo nimekuwa msomaji wake wa kwanza. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote, na haikuwa kwenye mkataba. Daftari langu la sandukuni sikulimaliza. Nilijaribu tena mara moja, nikaona ninaandika kama Faida, nikaacha.

Mtaniuliza kama wivu uliisha. Waulizeni wanaoandika vitabu vya dini. Mimi nimestaafu, na Jumamosi iliyopita Faida alinipitishia kurasa arobaini za riwaya yake mpya, mjane wa Kavimvira na mpangaji asiyepokea wageni. Nimekaa nazo hapa barazani siku ya tatu, krayo mkononi, natafuta kosa kwa moyo wote. Nimepata koma moja.